Umesema upesi, mwanangu

Tangu Alhamisi usiku nina neno la Baba kifuani, halishuki wala halipandi. Nimelala nalo, nimefua nalo, nimepanda nalo daladala. Naandika nione kama litatulia.

Mnaotufahamu mnajua kwamba tangu mtoto wa jicho amwanze Baba, mimi ndiye msomaji wake baada ya isha. Tenzi zake zote tumezimaliza, sasa tumo ndani ya Odyssey ya Homer, utenzi wa Wayunani wa kale. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo napitisha macho kwanza kisha namtolea kwa Kiswahili, naye ananikatiza anapotaka, ualimu haujamtoka. Tumefika sehemu ya 22 kati ya 24, pale Odysseus anapouelekeza upinde kwa Antinous.

Antinous nimemchukia tangu alipofungua kinywa mara ya kwanza. Waposaji 108 wamejazana nyumbani kwa Penelope, mumewe Odysseus ana miaka 20 hajaonekana tangu aende vita vya Troy, nao wanachinja ng'ombe wake na kunywa mvinyo wake kana kwamba mwenye mali kafa. Kinara wao ni huyu. Ndiye aliyetoa shauri Telemachus, mtoto wa pekee wa nyumba ile, aviziwe baharini auawe akirudi kutoka Pylos. Hilo peke yake latosha kumchukia mtu. Lakini mimi kilichonikaa ni kigoda.

Odysseus amerudi, mungu wa kike Athena amemgeuza mzee wa matambara, amemtuma apite meza kwa meza akiomba mkate ili ajue nani ana utu na nani hana. Wengine wanampa. Anafika kwa Antinous. Nyama iliyo mbele yake si yake, mkate si wake, hata kiti alichokikalia si chake, na bado anamfukuza. Yule mzee anamwambia kwamba mtu kama wewe kwako hutoi hata chembe ya chumvi, ikiwa hapa penye vya watu umeshindwa kumega kipande. Antinous anakamata kigoda cha kuwekea miguu, anamtupia, kinampata nyuma ya bega la kulia. Odysseus hayumbi. Anatikisa kichwa tu, kimya. Telemachus ameona baba yake akipigwa na hawezi hata kutoa chozi, maana siri itafichuka. Waposaji wenyewe, pamoja na ufidhuli wao, wanamlaumu: je, akiwa ni mungu? Miungu hujifanya wageni, ikapita mijini kuangalia mwenendo wa watu.

Baba alinirudisha nisome tena. "Mchoyo wa chake nimewaona wengi," akasema. "Mchoyo wa cha mwenzake, huyu ndiye wa kwanza."

Basi Alhamisi tukafika kwenye mshale. Antinous ameinua kikombe cha dhahabu chenye mikono miwili, anataka kunywa, kifo hana habari nacho. Nani angedhani mtu mmoja angethubutu mbele ya umati ule? Mshale ukamwingia kooni, ncha ikatokea shingoni upande wa pili. Kikombe kikamponyoka, damu ikamtoka puani, akaipiga meza teke, mkate na nyama vikatapakaa chini. Nilisoma kwa sauti ya juu mpaka Zuhura akachungulia mlangoni.

Baba akauliza, "Ungekuwa wewe umeshika huo upinde?"

"Ningempiga, Baba."

"Bila kumwambia wewe ni nani?"

"Bila kumwambia."

Akapapasa mezani akakipata kikombe chake cha tangawizi, akanywa, akakirudisha. "Umesema upesi, mwanangu." Kisha akataka kulala.

Hayo ndiyo yote tuliyosemezana. Baada ya hapo posa ya Zuhura imeletwa na imepokelewa, wakaguzi wamekuja ofisini wakaondoka, na mimi bado nimesimama pale pale kitandani pa Baba. Alinionya? Alinisikitikia? Kila nikisuka nywele au nikisubiri mashine ya risiti naanza kumjibu upya kichwani.

Namjibu hivi: Baba, aliambiwa. Telemachus aliwaita watu wa Ithaca, kisiwa chao, barazani akawaomba waposaji watoke nyumbani kwake mbele ya wote. Mzee Halitherses aliwaona tai wawili wakiparurana angani, akawatahadharisha kwamba Odysseus yu karibu. Penelope alitoka akamkabili Antinous mwenyewe, akamkumbusha jambo ambalo mtu mwenye haya lingemtosha: baba yake, Eupeithes, aliwahi kukimbilia nyumba hii hii. Alikuwa amefuatana na maharamia wa Taphos kuwasumbua watu wa Thesprotia, waliokuwa marafiki wa Ithaca, na wananchi walitaka kumwua na kuzitafuna mali zake. Odysseus ndiye aliyewazuia. Leo mtoto wa aliyeokolewa anakula mali ya mwokozi, anamposa mkewe, anapanga kumwua mwanawe. Wala hawezi kusema hamjui. Siku ya upinde anasema kwa kinywa chake kwamba anamkumbuka Odysseus, alimwona alipokuwa mtoto mdogo.

Jumamosi wazee wa upande wa bwana harusi walipoingia na masinia yao yamefunikwa vitambaa, nilimkumbuka Penelope akiwaambia waposaji kwamba desturi ni mposaji kuja na ng'ombe na kondoo wake, na zawadi, si kuja kumaliza vya watu bila malipo. Na kweli siku ile walituma kuleta zawadi; Antinous alileta vazi zuri la nakshi lenye vifungo 12 vya dhahabu. Kutoa alikuwa anajua. Alichagua wa kumpa na wa kumpiga kigoda, na hiyo kwangu ndiyo hatia yake kubwa, kuliko hata ile ya kumvizia Telemachus. Mauaji aliyapanga na wenzake. Kigoda alikitupa peke yake.

Jumapili mchana, Baba amelala, nikatangulia kusoma sehemu ya 24. Eupeithes yumo. Anasimama mbele ya watu analia, majonzi ya mwanawe hayasahauliki, anawaambia ni aibu tusipowalipia watoto wetu na ndugu zetu. Anavaa silaha, mzee mzima, anaongoza wenzake hadi shambani, na huko Laertes, baba yake Odysseus, mzee mwenzake, anamchoma mkuki kupitia kofia ya shaba. Anaanguka hapo.

Nilifunga kitabu. Hasira niliyokuwa nikiitunza wiki nzima ikanilegea mikononi. Yule mzee alimjua mwanawe. Alijua alikula kwa nani na alimdhulumu nani, na alijua nyumba ile ndiyo iliyompa yeye uhai. Akaenda vilevile.

Na hapo ndipo nilipoelewa swali la Baba lilitoka wapi. Wasomaji wa zamani mnakumbuka habari ya shamba la minazi na nani aliyeliuza Baba akiwa wodini. Jina lake Baba hakulitaja Alhamisi, nami silitaji hapa. Tangu siku ile sijapokea simu yake. Baba anapokea. Husogea dirishani, hushusha sauti, humwuliza kama amekula.

Kuhusu Antinous sibadilishi neno, mshale aliupata kwa haki. Ila bado sehemu mbili tumalize kitabu, na ya mwisho sijui nitaisomaje kwa sauti. Nikiruka kurasa atajua, hesabu ya sehemu 24 anayo kichwani.

Kwa sasa lakini nina la kunikosesha usingizi zaidi ya hilo. Sukari ya Baba leo asubuhi imesoma 13, na daktari amesema jicho haligusi mpaka ishuke. Miadi ni wiki ijayo. Dawa anameza mbele yangu, chai anakunywa bila sukari, na nyumba hii imejaa halua ya posa kila kona. Mama anasema hajampa, Zuhura anasema hajampa. Kesho naihamishia yote kwa jirani.