Dar hadi Mbeya kwa Haisi ya kulala: uzito, maji na joto la Kitonga

Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya ina urefu wa kilomita zipatazo 830, na kwa gari la kulala sijui barabara nyingine ya lami hapa nchini inayolipima kama hii. Unaanza usawa wa bahari, unaruka matuta ya vijiji kuanzia Chalinze, unapandisha mlima wa Kitonga, halafu unalala kwenye baridi ya nyanda za juu. Niliipita Julai kwa Toyota HiAce ya dizeli iliyofungwa kitanda, jiko la gesi, friji na tangi la maji. Ninayoandika hapa ni mambo ya gari, kwa mpangilio wa njia.

Kazi ya kwanza ilikuwa Dar kwenyewe: kupima uzito. Gari liwe limejaa kila kitu kitakachosafiri, abiria wakiwemo. Wenye maghala na viwanda wengi wana mizani ya magari, ukiomba wanakupimia. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha gari zima. Tofauti ndiyo mzigo wa nyuma. Linganisha na uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Haisi nyingi za kulala huzidi nyuma, kwa sababu kitanda, maji na makabati yote hukaa upande wa ekseli ya nyuma. Plaiwudi ya milimita 18 ya futi 8 kwa 4 ina zaidi ya kilo 25. Ya milimita 9 ni nusu yake, na kwa milango ya makabati inatosha kabisa. Betri ya maji ya ampea 100 ina kilo 28 hivi, ya lithiamu fosfeti kama 12. Maji lita 60 ni kilo 60, hapo hakuna ujanja.

Tangi lilioshwa siku moja kabla ya kuondoka. Kwa lita 60 weka mililita 90 za dawa ya klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, jaza maji, fungua kila bomba mpaka harufu ya klorini isikike, acha saa 4, mwaga, suuza mara mbili. Wengi husahau kichujio kidogo kilicho mbele ya pampu. Vumbi na vipande vya plastiki vilivyobaki wakati wa kutoboa tangi huishia pale, pampu inanguruma na maji hayatoki, na mwenye gari anakwenda kununua pampu mpya bure.

Msamvu, Morogoro, nilishuka kukagua matairi, yaani mara baada ya kilomita 190 za joto. Gusa katikati ya kila ringi kwa mgongo wa mkono. Magurudumu manne yakiwa na joto linalofanana, hakuna shida. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki inashika au bearing inakufa. Upepo usipunguze hapo. Tairi la mzigo huongezeka kama psi 2 kwa kila nyuzi 10 za joto, hivyo kipimo halali ni cha asubuhi, gari likiwa limelala, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Angalia pia tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba wa nje unaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na mpira uliokwisha kukauka. Chini ya gari lenye uzito wa nyumba mimi siliweki.

Kutoka Doma unaingia hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 za barabara ndani ya mbuga, mwendo mwisho 70. Vibao vya faini za kugonga wanyama viko wazi, na tembo hukatiza hata mchana, kwa hiyo hakuna cha kuharakisha. Nililala Mikumi mjini, na hapo ndipo umeme wa gari hujieleza. Friji ya kompresa ya lita 40 hula wati 45 hivi inapozunguka. Kwenye joto la bondeni huzunguka karibu nusu ya muda, maana yake wati-saa 540 kwa siku, ampea-saa 45 za betri ya volti 12. Ongeza taa, pampu na kuchaji simu, unafika wati-saa 700. Paneli ya wati 200 iliyolazwa bapa juu ya paa hutoa kama hizo hizo jua likiwa zuri, lakini ukiegesha chini ya mwembe upate kivuli cha kulala, paneli nayo imelala.

Suluhisho ni kuchaji ukiwa njiani kwa chaja ya DC kwa DC inayochukua umeme wa alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini. Ya ampea 30 hurudisha ampea-saa 60 kwa mwendo wa saa 2. Kosa ninalolikuta kwenye magari mengi ni waya mwembamba. Toka betri ya mbele hadi ya nyuma ni mita 5, kwenda na kurudi mita 10. Waya wa milimita za mraba 6 ukibeba ampea 30 hupoteza karibu volti 0.9 njiani, chaja inalalamika na waya unapata moto. Wa 16 hupoteza volti 0.3 tu. Fyuzi zikae pande zote mbili, karibu kabisa na kila betri, kwa sababu waya ukichubuka katikati, umeme unakuja kutoka kote kuwili. Kwenye kidhibiti cha sola, unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake. Usiunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na alteneta. Inavuta umeme bila kusita, na alteneta huungua hasa gari linapokwenda polepole injini ikiwa na kazi nzito.

Hali hiyo hiyo inakungoja mbele. Ruaha Mbuyuni, kati ya mibuyu na meza za vitunguu, ni mahali pa kusimama kabla ya mlima. Nilimwaga maji nikabakiza lita 20, kilo 40 zikashuka. Nikakagua rejeta injini ikiwa imepoa asubuhi: maji yafike shingoni, na mpira wa mfuniko usiwe na ufa. Mfuniko ulioandikwa 0.9 hushikilia presha inayoinua kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Ukivuja, unarudi kwenye 100, na huko juu maji huchemka mapema zaidi. Injini ya Haisi iko chini ya viti vya mbele. Anayejaza sponji na maboksi pale kupunguza kelele anaziba njia ya hewa ya moto kutoka.

Kitonga nilipanda saa moja asubuhi, kukiwa na ubaridi na kabla malori hayajapangana. Gia ya pili, injini izunguke kwa wepesi. Kuilazimisha gia ya tatu kwa mguu mzito ndiko kunakochemsha. Kiyoyozi kimezimwa, chaja ya betri ya nyuma imezimwa, mshale wa temperecha unatazamwa kila kona. Ukianza kupanda kupita kawaida, fungua hita hadi mwisho na feni kwa kasi: hita ni rejeta ndogo ya pili, jasho lake livumilie. Mshale ukikaribia nyekundu, tafuta pa kuegesha salama, weka pembetatu, acha injini isilale ghafla bali izunguke taratibu dakika chache huku ukiitazama. Mfuniko usiuguse mpaka bomba la juu la rejeta libonyezeke kwa vidole bila kuunguza. Kumwagia injini maji ya baridi ndiko kunakopasua silinda hedi.

Baada ya Ilula na nyanya zake, Iringa na misonobari ya Sao Hill, tatizo linageuka kuwa baridi. Asubuhi za Mafinga mwezi Julai madirisha yalikuwa yanatiririka maji kwa ndani, kwani pumzi na mvuke wa chai havina pa kwenda. Acha upenyo mdogo juu na mwingine chini usiku kucha. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata likiwa majivu tu, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu. Gesi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo boksi la mtungi liwe na tundu kwenye sakafu linalotoka nje. Matuta hulegeza viungo. Kila nilipowasha jiko baada ya siku ya mwendo nilipaka povu la sabuni kwenye regyuleta na ncha za mpira. Povu likivimba, funga mtungi kwanza.

Mbeya nililala chini ya gari na spana. Yubolti za springi za nyuma zilizoongezwa jani hukazwa upya baada ya kilomita 500 za kwanza, na nati za makabati ziwe zile zenye nailoni ndani. Silikoni iliyozunguka miguu ya paneli ikaguliwe kwa ukucha: ikibanduka pembeni, mvua ya kwanza itaingia kwenye dari.

Kurudi, Kitonga ni suala la breki. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini hunyonya unyevunyevu, na yakishanyonya kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yabadilishwe kila miaka 2. Shuka kwa gia ile ile uliyopandia. Kanyaga kwa nguvu mpaka mwendo upungue, achia kabisa, kisha rudia. Mguu usilale juu ya pedali. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta yamechemka: shuka gia zaidi, vuta hendibreki kidogo kidogo, tafuta pa kusimama, zuia matairi kwa mawe, na subiri nusu saa bila kuyamwagia magurudumu maji.