Baiskeli ya kupanda Mtanda: nilivyomaliza ubishi wa gia

Naishi Mtanda, kazi yangu iko chini mjini Lindi, karibu na bahari. Asubuhi ni mteremko, jioni ni kilima na jua la usoni. Ubishi ukawa huu: baiskeli ya gia nyingi au ya gia moja?

Nilianza na baiskeli ya mtumba yenye gia 18. Kilima ilikimudu vizuri, sikatai. Lakini hewa ya chumvi haina huruma: waya wa gia ukashika kutu, cheni ikawa inaruka meno kila ninapokanyaga kwa nguvu, na kile kidude cha kuihamisha kikapinda. Fundi akanishauri, "Kaka, funga gia moja tu ulale usingizi."

Rafiki yangu akaniazima yake, ile ambayo pedeli zinazunguka muda wote gurudumu likizunguka. Tambarare raha tupu. Kuteremka Mtanda? Miguu ilikimbizwa kama mashine ya kusaga, na kuipumzisha huwezi. Niliirudisha kesho yake.

Nikachukua baiskeli ya kawaida ya gia moja, yenye friwili, yaani gia ya nyuma inayoacha gurudumu lizunguke bila pedeli, hivyo mteremkoni miguu inatulia. Mbele ilikuwa na meno 44, nyuma 18: kila mzungusho wa pedeli, gurudumu mizunguko 2.44. Nzito mno kwa kilima. Fundi akafunga friwili ya meno 22, tukaunga cheni kidogo maana haikufika. Sasa ni mizunguko 2 kamili. Breki nikaweka mbele na nyuma.

Tambarare napitwa hata na watoto wa shule. Mtanda napanda bila kushuka, ila siku nikibeba gunia la mchele nasukuma.