Nilivyomwona gonoleki wa mafunjo Dunga

Safari tatu nilikwenda kwenye kinamasi cha Dunga, kando ya Ziwa Victoria, kumtafuta gonoleki, ndege anayeishi kwenye mafunjo, yale majani marefu ya majini, na safari zote tatu nilirudi mjini Kisumu mikono mitupu, na mbili kati ya hizo niliharibiwa na ushauri wa watu. Mmoja aliniambia niende saa nne, nikishakunywa chai vizuri. Mwingine, ambaye bado namkasirikia, alinitumia sauti ya ndege huyo kwenye simu: "Icheze kwa nguvu, atakuja mwenyewe." Nikaicheza mpaka betri ikaisha. Jamani, msifanye hivyo. Ndege akisikia mlio wa mgeni hudhani kwake kumevamiwa, anaacha makinda akihangaika bure.

Mara ya tatu nilishangilia: kifua chekundu, mgongo mweusi! Mzee mwenye mtumbwi akasema, "Mwanangu, tazama kichwa." Cheusi. Huyo ni binamu yake, yumo hata kwenye nyua za watu mjini. Wa mafunjo ana utosi wa manjano, jicho jeupe na mstari mweupe bawani.

Mara ya nne tulitoka Dunga kabla ya jua. Zile siku zote nilikuwa nikisikia mlio kushoto, namwomba mzee apige kasia huko. Tukifika, mlio unatoka kulia. Nilidhani ndege huyu ana mbio za ajabu. Kumbe ni wawili, dume na jike, mmoja anaanza na mwenzake anaitikia papo hapo, hata sikio halijui mshono uko wapi! Nikamwambia mzee tukae katikati ya sauti hizo mbili, kasia magotini, kimya. Nikaacha kutafuta ndege, nikawa natazama vichwa vya mafunjo. Upepo hakuna, kwa hiyo shina lolote litakalotikisika lina mwenyewe. Baada ya dakika ishirini hivi, moja likainama. Utosi wa manjano ukachomoza. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mtumbwi ulinila elfu na kitu. Chukueni mwenyeji wa pale, maana viboko wapo.

Tukirudi tulipita mahali palipochomwa ili palimwe. Mafunjo yakikatwa huchipua tena, na wasusi wa mikeka wanalijua hilo. Yakigeuzwa shamba, gonoleki huyu hana pa kuhamia, kwa kuwa ni nadra aishi penye mimea mingine. Mzee akainua kasia tusikilize. Vyura tu.