Penseli

Jumamosi tumepokea posa ya mdogo wangu, na Mama ametolewa mtoto wa jicho, lile la kushoto, anaendelea vizuri alhamdulillahi. Lakini kila nikilala ninaisikia sauti ya yule mama wa dawati la jinsia la chuo, pale wanapopeleka malalamiko ya unyanyasaji.

Mnamkumbuka yule binti wa mwaka wa pili anayebaki kaunta kwangu mpaka maktaba inafungwa? Ndiye niliyemsindikiza Jumanne. Mwalimu amezikalia alama zake za kozi weki tangu Novemba, na meseji anazomtumia usiku anazo zote kwenye simu. Tuliamkia, tukakaribishwa, tukapewa hadi maji ya kunywa. Binti akaeleza. Yule mama akafungua daftari, kalamu akaiweka pembeni, akachukua penseli.

“Tuandike kwa penseli kwanza, mwanangu. Ikifika pazuri tutapitishia wino.”

Pazuri wapi? Kwa nani? Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo panaponichoma. Alisema kama mtu anayemfunika mtoto mvua isimpate. Na mimi, miaka tisa kazini pale, nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia! Rushwa ya ngono ni jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au jela isiyozidi miaka 3, au vyote viwili. Ninakijua kichwani, nimewatafutia wanafunzi wa sheria mara ngapi. Nilikuwa na nini siku ile?

“Samahani mama, naomba niandike mwenyewe.”

Ni yeye huyo, binti. Akatoa kalamu ya bluu, kifuniko kimetafunwa, akalivuta daftari. Tarehe. Jina la kozi. Saa ya kila meseji. Mkono ulimtetemeka mistari miwili ya kwanza tu. Akatia sahihi, akaomba aupige picha ukurasa wake, akaruhusiwa. Tulipotoka nje akaniambia, “Dada, na TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, nitawapigia, 113 ni bure.” Nilitembea mpaka kituoni nikitabasamu peke yangu, barabara nzima.

Penseli ilibaki mezani, haijaguswa tena.

Sasa hivi nimetikisa chupa ya dawa ya macho ya Mama. Yamebaki matone ya kesho asubuhi, na duka la dawa la hapa mtaani wanasema mpaka Jumatatu.