Pampu ya maji ya kioo ilikuwa nzima

Jumamosi nikitoka Salgaa kurudi Nakuru, lori lilinirushia tope kioo kizima. Nikavuta wenzo: waipa zikacheza, maji hayakutoka. Nilisimama kando ya barabara nikaosha kioo kwa maji ya kunywa ya watoto. Kuendesha bila kuona barabara ile ni hatari, nami sikutaka kulilaza jambo hili.

Fundi mmoja wa waya alisema pampu imeungua, ninunue nyingine. Gari ni la 1995, lakini sikukubali upesi. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikachomoa plagi ya pampu, kijana wangu akavuta wenzo, mita ya umeme ikasoma volti 12.3. Hapa ndipo wengi hupotea. Mita yenyewe haili umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti kamili. Lazima upime mzigo ukiwepo, yaani pampu ikiwa imeungwa na inavuta umeme.

Nikarudisha plagi, nikapima kwa nyuma yake: pampu ilikuwa inapata volti 4 tu. Nikagusisha ncha moja ya mita kwenye waya wa erthi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, nyingine kwenye hasi ya betri. Volti 8! Erthi nzuri haifiki hata nusu volti.

Waya ule mweusi nikaufuata hadi nyuma ya taa ya kushoto. Kichwa chake kilikuwa kimeota ukungu wa kijani, na bolti imejaa kutu. Nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu.

Pampu ikanguruma. Maji yakaruka mpaka kwenye paa.