Nilivyopima mwendo wa ardhi kwa leza kwenye ufa wa San Andreas

Parkfield ni kijiji kidogo cha California kilicho juu ya ufa wa San Andreas, na daraja lake limepinda kwa sababu ncha zake mbili zimesimama juu ya mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, yanayopishana. Nikiwa mwanafunzi wa upimaji ardhi, nilipewa kazi ya kufuatilia mwendo huo kwa kifaa kinachotuma mwanga wa leza hadi kwenye prizimu, yaani kioo kinachourudisha mwanga ulikotoka, ng'ambo ya ufa na kukokotoa umbali pindi mwanga unaporudi.

Mistari ya kupimia, kutoka kifaa hadi prizimu, niliichagua iukate ufa kimshazari, kwa kuwa ardhi hapa huteleza pembeni na mstari unaoukata kwa pembe mraba haubadiliki urefu kwa kiasi cha kuonekana. Ukisimama upande wa bamba la Pasifiki, yaani magharibi mwa ufa, mstari unaoelekea kaskazini hufupika, na unaoelekea mashariki hurefuka.

Kilichonihangaisha zaidi ni hewa, kwa kuwa joto lake hubadilisha kasi ya mwanga. Joto likikadiriwa vibaya kwa nyuzi 1 tu ya Selsiasi, umbali hupotoka kwa takriban sehemu 1 kwa milioni, yaani milimita 4 katika mstari wa kilomita 4, na ufa wenyewe hautelezi kiasi hicho kwa mwezi. Vipimajoto vya miisho miwili havitoshi, maana mwanga hupita juu ya bonde lenye hewa yake. Watafiti wa Marekani walilitatua jambo hili hapohapo Parkfield katika miaka ya 1980 kwa leza ya rangi mbili, nyekundu na buluu: hewa huichelewesha buluu zaidi, na tofauti hiyo hufichua hali ya hewa njia nzima. Ubunifu huo naustahi mno.

Kwa kuwa kifaa changu kilikuwa cha rangi moja, kila nilipopima mstari unaovuka ufa nilipima papo hapo mwingine usiouvuka, wenye urefu na kimo kinachokaribiana, kisha nikatumia uwiano wa urefu wao. Hewa iliyoathiri mmoja iliathiri na wa pili karibu sawasawa, hivyo sehemu kubwa ya kosa ikajifuta, hasa jioni zenye mawingu.

Alama za kusimamishia kifaa na prizimu nazo ziliwekwa kwenye mwamba au juu ya vyuma vilivyozamishwa chini sana, kwa sababu udongo wa mfinyanzi wa bonde lile huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Baada ya hapo, mstari wa kaskazini ulionyesha kufupika waziwazi, msimu baada ya msimu.