Mishono iliyokwenda kombo

Watu wakizungumzia A Jury of Her Peers, hadithi fupi ya Susan Glaspell ya mwaka 1917, humkimbilia ndege. Ni kweli ndege yumo: kanari aliyenyongwa shingo, kaviringishwa katika kitambaa cha hariri na kufichwa kisandukuni, ndani ya nyumba ya mwanamke ambaye kabla ya kuolewa aliimba kwaya. Alama hiyo inaonekana hata kwa mbali. Mimi kilichonishika ni mishono.

Kwa asiyeisoma: mkulima mmoja, John Wright, amekutwa kitandani amenyongwa kwa kamba. Mkewe Minnie yuko mahabusu. Sherifu na mwendesha mashtaka wanapekua ghorofani na bandani wakitafuta sababu ya mauaji, huku wanawake wawili, Bi. Hale ambaye ni jirani na Bi. Peters mke wa sherifu, wakiachwa jikoni wamkusanyie mfungwa vitu vyake. Mitungi ya matunda iliyopasuka kwa baridi, jiko bovu, meza iliyofutwa nusu: kila kimoja kingetosha kuandikiwa. Lakini wanakuta pia kapu la kushonea lenye vipande vya mfarishi wa viraka. Vyote vimeshonwa vizuri, mishono midogo iliyolingana. Isipokuwa kimoja. Hicho uzi umekwenda kombo, kana kwamba mshonaji hakujua anafanya nini.

Mama yangu alinifundisha kushona kwa mkono kabla sijaweza kusoma vizuri. Ana foronya aliyoishona wiki aliyofiwa na kaka yake. Ukianza pembe ya kushoto mishono imejipanga sawasawa, kisha ghafla inarefuka, inapishana, uzi umevutwa mpaka kitambaa kimejikunja. Halafu, karibu na pembe ya pili, inatulia. Hajawahi kuifumua. Nikipitisha kidole pale najua ni wapi habari ilimfikia.

Kwa hiyo nilipofika mahali Bi. Hale anapoanza kuifumua mishono ile mibaya, niliacha kusoma kwa muda. Bi. Peters anamwambia afadhali wasiguse vitu. Yeye anajibu kwamba anatoa tu mshono mmoja au miwili isiyokaa vizuri, anatunga uzi sindanoni, anaanza kushona upya. Na wakati huo kisanduku cha ndege bado hakijaonekana! Mkono wake umekwisha kuusoma ushahidi na umekwisha kuufuta, kabla kichwa hakijakiri chochote. Nimeirudia kurasa hiyo mara nyingi na bado inanitetemesha.

Nadhani ndiyo sababu kitu hiki kina nguvu kuliko ndege. Ndege hata wanaume wangemwelewa, wangempeleka mahakamani. Kipande cha mfarishi wangekishika mkononi wasione kitu. Tena mapema wamekwisha kuwasikia wanawake wakijiuliza Minnie alikusudia kuumaliza mfarishi kwa njia gani: kushonea tabaka zote pamoja kwa mishono midogo, au kuzikamata kwa kufunga mafundo hapa na pale. Wakacheka. Kwao ni porojo za jikoni. Huko Iowa, jimbo la Marekani ambako Glaspell alizaliwa, wanawake hawakuruhusiwa wakati huo kuwa wajumbe wa jopo la kuamua kesi, na hapa kesi nzima imo kapuni mwao.

Kuna jambo moja nililojua baadaye. Glaspell alipokuwa mwandishi wa habari katika mji wa Des Moines, humohumo Iowa, aliripoti kesi ya Margaret Hossack, mwanamke aliyeshtakiwa kumuua mumewe usiku mmoja wa Desemba 1900. Mume huyo halisi alipigwa shoka. Katika tamthilia yake Trifles ya 1916, na katika hadithi mwaka uliofuata, shoka limegeuka kamba. Shoka lisingeweza kukutana na mfarishi popote. Kamba inafungwa fundo.

Ndipo mwendesha mashtaka, karibu waondoke, anauliza kwa utani: kumbe hakukusudia kuushonea, mnaiitaje vile njia yenyewe? Kisanduku kimo katika mfuko wa koti la Bi. Hale, naye ameweka mkono juu yake.

"Tunaita kufunga fundo, Bw. Henderson."